Hesabu Iliyofura

Kila asubuhi Dk. Tusekile Mwasandube alifuta ukungu wa dirishani kwa kiganja, akaweka sufuria ya chai ya maziwa juu ya jiko dogo la umeme, kisha akasimama mbele ya kioo cha Usukani, mashine iliyogawa kazi za chuo, na kuanza kuthibitisha. Kioo kilileta mambo ya siku moja baada ya jingine: wanafunzi wa kuwasimamia, saa za kutumia kompyuta kuu, kisima cha mvuke cha kwenda kukipima mlimani. Alibonyeza kidole gumba, jambo likapita, jingine likaja. Kazi hiyo ilikwisha kabla maziwa hayajapanda. Tangu aajiriwe katika Chuo cha Udhibiti cha Uporoto hakuwahi kukataa jambo hata moja, na mwenyewe aliona huo ndio unyenyekevu.

Asubuhi hiyo jambo la kwanza lilimfanya atabasamu peke yake kama mwendawazimu. Usukani ulikuwa umempendekeza awe profesa, na Baraza la chuo lingekaa Ijumaa. La pili alikuwa ameshalinyooshea kidole kabla jicho halijamaliza kulisoma: Dk. Zamaradi Chilumba aondolewe katika utafiti. Mwenzake wa karibu athibitishe.

Kidole kikabaki hewani. Maziwa yakapanda, yakafurika jikoni, yakaanza kunuka, naye hakugeuka.

Pale Uporoto hakuna mtu aliyepanda wala kushuka ila kwa Usukani. Zamani, enzi za walimu wa walimu wao, cheo kilipatikana kwa kujuana, kwa ukoo, kwa kubeba mkoba wa mkubwa, na kwa mambo mengine ambayo wanawake walisimuliana kwa sauti ya chini. Ndipo Profesa Angolwisye, bingwa wa udhibiti wa mitambo, alipouliza swali lililobadilisha chuo. Kama tunaweza kuushika mvuke wa mlima mzima katika kipimo chake bila mtu kusimama penye vali, kwa nini tushindwe kuishika safari ya msomi mmoja? Kila mtafiti akachorewa mstari wa matarajio. Usukani ukawa unatazama kila siku yuko mbali kiasi gani na mstari wake, kisha unamsukuma: unampa wanafunzi wazuri, unamwongezea saa za kompyuta, au unampunguzia. Haukujua kabila la mtu wala sura yake. Chuo kikapona.

Jambo moja tu Usukani haukupewa, nalo ni kuifunga njia ya mtu moja kwa moja. Kwa hilo sheria ilidai kidole cha mwenzake, tena wa karibu, anayemfahamu. Walioitunga walitaka pawepo angalau mtu mmoja wa kuona aibu.

Tusekile aliomba muda. Kioo kikamjibu kwa upole kwamba angengojwa mpaka Ijumaa, na kwamba kidole angekiweka mbele ya Baraza.

* * *

Anayeombwa kidole ana haki ya kuufungua mstari wa mwenzake, na Tusekile aliufungua siku hiyo hiyo, mlango ukiwa umefungwa na chai haijanywewa.

Mwanzo wake ulimfurahisha. Zamaradi alikuwa juu sana ya mstari. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba visima vya mvuke hupumua, kwamba nguvu yake hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na kwamba mashine inayopambana na pumzi hiyo hupasua mabomba bure. Heri ifundishwe kuifuata. Halafu mama yake mzazi alipooza kule Newala, ulimi ukafa, naye akaomba likizo akaenda kumuuguza mpaka alipomzika. Katika kipindi hicho chote Usukani haukumsukuma. Mstari wa msukumo ulilala chali, kama Profesa alivyoupanga, ili asiwepo mtu wa kuadhibiwa kwa kuzaa, kuuguza wala kufiwa.

Lakini chini ya mstari huo kulikuwa na mwingine ambao watu hawaufungui. Ulikuwa wa jumla ya upungufu wote, siku juu ya siku. Huo haukulala. Ulikuwa ukipanda.

Tusekile aliutazama, akashtuka, kwa sababu kosa lile alilijua kama mpishi anavyojua harufu ya wali unaoungua. Chukua mtu anayesukuma mlango uliotiwa komeo kwa ndani. Kila akiona haujafunguka anaongeza nguvu kidogo, kidogo tena, na tena. Siku komeo likitolewa, anaingia na mlango, na meza, na wenye nyumba wote. Watu wa udhibiti huliita kufura. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa dawa yake katika wiki ya kwanza: ukiifunga vali, ifunge na hesabu. Anayesahau, tangi lake humwaga maji sakafuni mbele ya darasa, na wenzake humtania mpaka anapohitimu.

Aliyeujenga Usukani alifunga vali, akasahau kufunga hesabu.

Zamaradi aliporudi kutoka makaburini, mashine ilimwangukia na uzito wote iliokuwa imeulimbikiza. Ikamhesabu kuwa mzito, asiyesukumika. Ikamwondolea wanafunzi. Ikampunguzia saa za kompyuta, naye kwa kukosa saa akakosa matokeo, na kwa kukosa matokeo jumla ikazidi kufura. Hakuna aliyemwonea. Ndiyo maana hakukuwa na wa kumlalamikia.

Lililobaki Tusekile alilijua kabla hajalitazama, ila alijilazimisha kulitazama. Vilivyotoka kwa Zamaradi havikumwagika chini. Aliufungua mstari wake mwenyewe, akaukuta umeanza kupanda mwezi ule ule. Wanafunzi wale walikuja kwake. Saa zile zilikuja kwake. Kazi ya visima vinavyopumua, iliyompa Tusekile jina hadi ng'ambo, ilimjia asubuhi moja katikati ya mambo mengine, na yeye aliipitisha kwa kidole gumba huku akisikiliza kama maziwa yamepanda.

* * *

Alimkuta Zamaradi kwenye karakana ya vali, amezungukwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye mikono ya grisi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na hakuhitaji kugeuka kujua nani amesimama nyuma yake.

"Ninyi watu wa baridi mnatembea kimya kama paka wa msikitini," alisema. "Karibu, profesa mtarajiwa. Angalia usichafue cheo, huku kuna mafuta."

Wanafunzi wakacheka. Zamaradi akawatuma wakalete bomba lililokuwa upande wa pili wa yadi, wote kwa pamoja, bomba ambalo lilitosha kubebwa na mtu mmoja, kisha akafuta mikono kwa tambara na kuketi juu ya kreti.

Habari alikuwa nazo tayari. Hakuambiwa na mtu. Mwanamke anayebaki bila mwanafunzi hata mmoja wa uzamili, alisema, hahitaji kupigiwa mbiu. Alishaomba kazi ya kufundisha hisabati katika shule moja ya wasichana kule Newala, wakamkubali. Alieleza habari za shule hiyo kwa furaha ya kujilazimisha, mikorosho yake, mwalimu mkuu wake mpenda mashairi, na Tusekile aliitikia kila neno huku akitafuta upenyo wa kuingiza lililomleta.

"Na kidole chako kibonyeze tu, mdogo wangu," Zamaradi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Tusekile hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. "Afadhali wewe kuliko mtu asiyenijua. Tangu nimzike mama kichwa hiki kimechuja. Nakaa na tatizo jepesi siku nzima, naliona linanicheka. Zamani sikuwa hivi. Mashine imeona tu kile ninachokijua."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Tusekile alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba kuna hitilafu ndogo katika hesabu, kwamba bado anaichunguza, kwamba asihuzunike kwanza.

Zamaradi alimcheka bila ubaya. Alisema hajapata kumwona mtu wa udhibiti asiye na hitilafu ndogo anayoichunguza. Hata kaburini watataka wapewe tochi. Wanafunzi wakarejea na bomba lao, wakilibeba kama jeneza, na somo likaendelea.

Njiani Tusekile alijisuta mpaka machozi yakamtoka. Mwanamke yule aliibiwa safari yake, naye juu ya hayo alikuwa ameaminishwa kwamba akili zake ndizo zilizomtoroka. Kati ya mambo hayo mawili Tusekile hakujua lipi zito zaidi, lakini alijua lipi analoweza kulimaliza kwa maneno, na maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, akayameza.

* * *

Profesa Angolwisye alikuwa ameketi barazani kwake alasiri hiyo, anamenya ndizi mbichi, beseni la maji miguuni na utomvu mweusi viganjani. Mkewe alikuwa jikoni. Sauti ya mwiko ilisikika. Tusekile alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akamsogezea kigoda. Huyu ndiye aliyemtoa safu ya nyuma. Alipoona binti hawezi kuuliza swali mbele ya watu, alimruhusu aandike maswali yake na kuyaacha mezani, na kila wiki aliyajibu mbele ya darasa bila kumtaja. Kama Tusekile alikuwa mtu katika fani ile, alikuwa mtu wa mikono hii yenye utomvu.

Alimpa kioo cha mkononi bila maelezo. Mzee aliufungua mstari wa chini, akautazama kwa muda wa kumenya ndizi moja, na kisu kikasimama. Hakubisha. Kutobisha kwake ndiko kulikomtisha Tusekile.

Alisema kosa hilo amewakosolea vijana maisha yake yote, na wapo aliowafelisha kwa ajili yake. Akatikisa kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi, alianza papo hapo kutengeneza. Kesho asubuhi yeye mwenyewe angeingia katika Usukani na kuifunga hesabu panapostahili. Jumla ya Zamaradi angeirudisha sifuri. Jina lake lingeondoka katika ajenda kama lilivyoingia, naye angepanda taratibu kuanzia hapo. Tusekile angepata uprofesa wake Ijumaa. Hakuna wa kuumia, hakuna wa kujua.

Tusekile aliuliza kuhusu yale ambayo Zamaradi ameshayapoteza. Mzee alijibu kwamba maji yaliyokwisha kupita mfereji hayarudishwi, hufunguliwa mapya. Akauliza tena, akitazama beseni, kwamba walioenda likizo kabla ya Zamaradi ni akina nani, na sasa wako wapi.

Profesa alinawa mikono kwa muda mrefu, ingawa utomvu ule hautoki kwa maji.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Huyo unayemsikia jikoni alikuwa mkemia bora kuliko wote waliopita chuoni pale. Alistaafu akiwa mhadhiri msaidizi, kwa sababu aliitwa nyumbani kwa mkubwa mmoja jioni, akakataa kwenda. Usukani niliujenga kwa ajili yake, na umechelewa kumfaa. Mligo wa utawala na wenzake wanangoja ufa mmoja tu waubomoe wote. Ukilisema hili Barazani, utamwokoa mmoja, na mabinti wa kesho utawarudisha kwenye zile nyumba."

Mwiko ulikuwa umenyamaza jikoni.  Kilichomuuma Tusekile ni kwamba mzee hakusema uongo hata kidogo. Angekuwa amesema uongo, ingekuwa rahisi.

Aliaga, akafungiwa ndizi za kwenda nazo, na Profesa akamsindikiza mpaka penye ua kwa uso uliotulia, kama mtu aliyekwisha kukubaliwa. Kimya cha Tusekile kilikuwa kimechukuliwa maisha yake yote kuwa ni ndiyo. Alitembea na furushi lake mpaka barabarani ndipo neno hilo lilipomkaa vizuri kichwani, na lilipomkaa, hatua zake zikabadilika. Mashine haikuwa peke yake katika kukosea. Pale palipotakiwa mtu wa kuona aibu palikuwa na watu kama yeye, wapole, wenye vidole vyepesi. Ukifunga hesabu kimyakimya leo, utabaki na watu wale wale, na kosa linalofuata litawakuta wakisikiliza maziwa.

Jioni hiyo alimpigia Profesa. Alimwambia kwamba Ijumaa atasema, na kwamba anamwambia mapema kwa heshima yake. Mzee akakata simu bila kumtakia usiku mwema.

* * *

Baraza lilikaa katika ukumbi wenye kuta za mawe, mstari wa Zamaradi ukiwa umetandazwa ukutani, mwekundu, ukishuka. Mwenyekiti alikuwa Mama Nsajigwa, mama mfupi mwenye miwani, aliyependa vikao viishe kabla ya chakula cha mchana. Zamaradi aliketi karibu na mlango, kwa kuwa sheria ilimtaka awepo, amevaa kana kwamba anakwenda safari. Profesa Angolwisye aliketi mbele. Hakumtazama Tusekile alipopita.

Alipoitwa kwenye kisahani cha kidole alikwenda, akasimama, akaweka mikono nyuma. Alisema anaomba kueleza sababu ya kutothibitisha. Kisha akaeleza kama alivyozoea kueleza, kwa lugha ya makala: kwamba jumlisho halikuzuiwa wakati msukumo uko kwenye kikomo, kwamba athari yake imeendelea baada ya kikomo kuondolewa. Nusu ya ukumbi haikuelewa. Nusu iliyoelewa ikamgeukia Profesa.

Mligo, mkuu wa utawala, alielewa kilichomtosha. Alisimama akifunga kifungo cha koti. Alisema yeye si mwanasayansi ila amekuwa akisema miaka yote kwamba chuma ni chuma. Akaomba Baraza lipige kura kuuzima Usukani leo hii na kurudisha kamati za watu wazima wenye mioyo, wanaoweza kumtazama mtu usoni. Makofi yakasikika, si mengi, lakini hayakuwa machache pia. Profesa Angolwisye aliinamia viganja vyake vilivyokuwa bado vyeusi.

Mama Nsajigwa akamtaka Dk. Mwasandube achague. Ama mashine ni mbovu, waizime. Ama ni nzima, aweke kidole. Lipi kati ya hayo?

 Tusekile alisema hakuna hata moja. Alimwambia Mligo, kwa adabu, kwamba kosa la Usukani ameliona kwa sababu limeandikwa mahali, linafunguka, linaonyesha lilianza lini na nani aliumia. Zile kamati hazikuwa na mstari wa kufungua, na walioumizwa nazo wanajulikana jikoni tu.  Akaendelea, sasa bila lugha ya makala. Hesabu ifungwe mtu anapokuwa likizo. Kila aliyekwenda likizo tangu Usukani uanze atafutwe, hata aliyekwisha kuondoka, na mstari wake upigwe upya hadharani. Na tangu leo kidole kisiwekwe na mtu ambaye hajaufungua mstari wa chini.

Mligo aliuliza, akitabasamu, saa na wanafunzi wa kuwarudishia hao wote watatoka wapi. Au mvuke wa mlimani nao unazaa kompyuta?

Tusekile alijibu kwamba vitatoka kwa waliovipokea, na kwamba waanze na yeye.

Mwenyekiti alivua miwani. Alimkumbusha taratibu, karibu kwa huruma, kwamba mstari wake ukipunguzwa hivyo jina lake litatoka katika ajenda inayofuata, ile ya uprofesa, na huenda lisirudi. Tusekile akasema anajua. Pale mbele Profesa Angolwisye aliinua mkono, na watu wakadhani anataka kupinga. Alisema tu kwamba kosa ni lake, alilifanya kwa mkono wake, na anaomba liandikwe hivyo. Kisha akamtazama Tusekile kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama Nsajigwa aliagiza hoja iandikwe na kidole kiahirishwe. Watu walianza kunong'onezana, viti vikasogezwa. Tusekile angeweza kurudi kukaa. Ndipo alipotupa jicho mlangoni akamwona Zamaradi, ameinama, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio, na kwa uso wake akatambua kwamba hakuelewa kama ametetewa au ameonewa huruma. Maneno yote yale alikuwa ameyasema kwa Baraza. Mwenyewe hakuambiwa hata moja.

Akaondoka penye kisahani, akapita kati ya viti mpaka nyuma ya ukumbi, watu wakimgeukia.

"Dada Zamaradi," alisema, na ukumbi wote ulimsikia. "Akili zako hazikupungua hata siku moja. Ulikuwa unasukumwa chini, kila siku, na kile ulichonyang'anywa nilipewa mimi, na mimi sikuuliza kimetoka kwa nani. Ile kazi ya visima ni yako. Usiende Newala. Nataka urudi uifanye, na mimi nifanye kazi chini yako."